i5 ya mwaka gani? Mtumba wa ofisi au kuunganisha mwenyewe, kwa mnunuzi wa Dodoma

Ukiingia duka la kompyuta pale katikati ya mji ukaulizia mashine ya nyumbani ya bei nafuu, jibu huja upesi: "Bosi, chukua hii, ni i5, imetoka Ulaya." Kibandiko cha Intel kipo, monita inawaka, bei imekaa vizuri. Sasa muulize, i5 (familia ya prosesa za Intel, ubongo wa mashine) namba ngapi? Hapo ndipo wauzaji wengi huanza kumung'unya maneno. i5-2400 ilitoka 2011, i5-8500 ikatoka 2018, na zote mbili zinaweza kukaa rafu moja zimefutwa vumbi zikang'aa sawasawa. Habari yote iko kwenye namba inayofuata kistari. Zikiwa tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi: 2400 ni cha pili, 6500 cha sita, 8500 cha nane. Zikiwa tano, soma mbili za mwanzo: 10400 ni cha kumi, 12100 cha kumi na mbili. Muuzaji asiyetaka kuitaja namba hiyo ameshakujibu.

Tunapima hapa njia mbili alizonazo mtu mwenye bajeti ndogo. Ya kwanza ni mashine ya ofisi ya mtumba, na tumechukua Dell OptiPlex 7060 na HP EliteDesk 800 G4, zote za kizazi cha nane. Ya pili ni kununua vipande vipya na kuunganisha, kwa prosesa ya Ryzen 5 5600G au Core i3-12100. Hukumu tuitoe mapema, mwenye haraka aondoke nayo: kwa kuandika, Excel, masomo, vikao vya mtandaoni na sinema, chukua mtumba wa kizazi cha nane wenye kasha kubwa la kusimama, halafu pesa inayobaki iende kwenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka), RAM (kumbukumbu ya kazi) ya pili na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Kuunganisha kunalipa pale tu unapotaka michezo, kuhariri video, au mashine utakayoiongezea vitu kidogo kidogo kwa miaka kadhaa.

Mbona kizazi cha nane na si cha sita, ambacho ni rahisi zaidi na kimejaa madukani? Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia rasmi kizazi cha nane, tena inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Mashine ya kizazi cha sita au cha saba inaweza kulazimishwa kwa ujanja, lakini kila sasisho kubwa likitoka unarudi kwenye ujanja uleule. Tena kizazi cha nane ndipo i5 za mezani zilipotoka kori (viini vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) nne zikawa na sita. i5-8500 ni prosesa ya wati 65, na ina picha za UHD 630 ndani yake, kwa hiyo monita inachomekwa moja kwa moja bila kununua kadi ya picha.

Faida nyingine watu huisahau kabisa wakati wa kupiga hesabu. Mashine hizi nyingi zilitoka kiwandani na leseni ya Windows Pro, na ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya BIOS (programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows). Ukifuta diski na kupakia upya toleo la Pro, ikishika intaneti inajitambua yenyewe. Mashine ya kuunganisha haina zawadi hiyo. Leseni utanunua, au utaweka Linux.

Kasoro nazo zipo, na kubwa ni pawa saplai. OptiPlex 7060 ya kasha jembamba ina pawa saplai ya wati 200, ya kasha kubwa ina 260, na zote si za umbo la kawaida la ATX. Hata plagi inayoingia kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine) ni ya Dell wenyewe. HP nao wana yao. Ikifa, huwezi kwenda dukani ukachukua yoyote ukachomeka; unatafuta ya modeli ileile au unanunua kiunganishi maalumu. Kadi ya picha nayo lazima iwe ile inayojitosheleza kwa wati 75 za kwenye sloti, na kwenye kasha jembamba iwe pia fupi ya kimo. Zile ndogo kabisa za ukubwa wa kitabu zina RAM ya laptopu na chaja ya nje kama laptopu. Nzuri kwa dawati la mapokezi, lakini kwa mtu anayetaka kuongeza kitu kesho ni mlango uliofungwa.

Jambo dogo linalorudisha watu dukani siku hiyohiyo: mashine hizi kwa kawaida hutoa picha kwa DisplayPort mbili, na tundu la HDMI ni la ziada, huwapo kwenye baadhi tu. Nunua kigeuzi cha kutoka DisplayPort kwenda HDMI, cha bei ndogo tu, kinafanya kazi. Usinunue waya wa kinyume chake, wa kutoka HDMI kwenda DisplayPort. Waya mtupu wa aina hiyo hautoi picha upande wa pili.

Kabla ya kulipa, omba dakika ishirini kaunta. Muuzaji anayejiamini hatakunyima. Anza na mfuniko, kwani kwenye mashine hizi unafunguka bila bisibisi. Hesabu vijiti vya RAM, viwili vinavyofanana ni bora kuliko kimoja kikubwa. Tazama feni na mapezi ya chuma yaliyo chini yake. Mashine iliyofutwa nje tu utaikuta humo ina blanketi la kijivu lililoshikana kama pamba ya godoro, na ukiona hivyo jua kwamba "imeshafanyiwa sevisi" ni maneno matupu. Washa, gonga F2 kwa Dell au F10 kwa HP uingie BIOS. Ikikuomba nywila ya msimamizi, funga mfuniko uondoke. Kuiondoa ni shughuli, na ni dalili kwamba mwenye mali wa kwanza hakuikabidhi kwa utaratibu. Humo humo angalia mstari wa Computrace au Absolute, huduma ya kampuni kufuatilia na kufunga mashine zake. Ukisoma kuwa imeamilishwa, mashine bado imefungwa kwa kampuni ya zamani. Saa ikiwa imerudi nyuma miaka, hiyo ni betri ya CR2032 tu, kama sarafu, na isikutishe.

Ukishaingia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, usome jina kamili la prosesa na sloti ngapi za RAM zimetumika. Kisha endesha CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, kutoka kwenye flashi yako. Kwa SSD soma asilimia ya afya iliyobaki. Kwa hadi diski tazama mistari ya sekta zilizohamishwa na zinazosubiri, na ikiwa imepanda juu ya sifuri, diski hiyo ihesabu kuwa haipo na bei ishuke. Malizia kwa kuibana prosesa kwa dakika kumi, kitufe cha kuibana kwenye CPU-Z kinatosha, huku HWiNFO ikionyesha joto. Ikitulia chini ya nyuzi 80, safi. Ikikimbilia 100 ndani ya dakika mbili, pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipooza imekauka au feni imechoka. Zinatibika, lakini kwa gharama ya muuzaji.

Sasa kuunganisha. Ryzen 5 5600G ya 2021 bado ndiyo chaguo tunalolipenda kwa mtu asiye na pesa ya kadi ya picha: kori sita, nyuzi (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja) kumi na mbili, picha za Vega ndani yake, na feni yake inakuja kwenye boksi. Michezo mepesi inacheza. Kosa linaloimaliza nguvu ni kuiwekea kijiti kimoja cha RAM cha GB 16. Picha zake zinakula RAM ya mashine, hivyo kijiti kimoja kinaifungia nusu ya njia. Weka viwili vya GB 8, DDR4-3200, na kama mazabodi ina sloti nne, tumia ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. RAM ilipanda bei vibaya kuanzia mwishoni mwa 2025, kwa hiyo uliza bei yake kwanza kabla ya kupanga mengine, maana inaweza kuvuruga hesabu nzima. Hapo ndipo mtumba unaouzwa na GB 16 ndani yake unapozidi kuwa mtamu.

Mazabodi ya A520 au B550 inaipokea 5600G, ila zilizotengenezwa kabla yake huenda zikataka BIOS mpya. B450 na A320 za zamani zaidi nazo zinataka BIOS mpya, na boksi lililokaa stoo tangu 2019 litakupa feni inayozunguka na monita nyeusi. Mwambie muuzaji asasishe mbele yako. Kuna mtego wa upande wa pili pia: Ryzen 3 3200G haipo kwenye orodha rasmi ya A520 na B550, ingawa soketi ni ileile na inaingia vizuri. Anayekuuzia hizo mbili pamoja hajui au anajua.

Kwa Intel, i3-12100 ina kori nne na nyuzi nane, inakaa kwenye mazabodi ya H610, na kwa kazi za ofisi ina kasi ya kutosha kabisa. Soma herufi ya mwisho. 12100F ni rahisi kidogo kwa sababu haina picha ndani yake, na bila kadi haitoi kitu kwenye monita. Soma pia boksi la mazabodi, kwani kuna H610 za DDR4 na za DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya saa mbili, na makosa ni yaleyale kila mara. Plagi ya umeme wa prosesa, ya pini nne au nane juu kushoto, inasahaulika. RAM haijasukumwa hadi ikalia "ta". Nailoni iliyo chini ya kipooza joto haijabanduliwa. Nguzo ya ziada ya shaba imeachwa chini ya mazabodi pasipo na tundu, inagusa saketi. Kwa AM4, soketi ya Ryzen hizi, kuna la hatari zaidi: unapotoa kipooza joto, washa mashine dakika kumi pesti ipate joto, zima, kisha zungusha kushoto na kulia kabla ya kuvuta. Ukikivuta kikavu, prosesa inatoka nayo ikiwa bado imebanwa, na pini zinalala.

Tumefika kwenye kipande ambacho wanunuzi wengi hukipa pesa ya mwisho, nacho ndicho kingepaswa kupewa ya mwanzo. Chukua pawa saplai iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa nyekundu, ile inayokuja bure ndani ya kasha lenye taa. Igeuze usome kibandiko chenye jedwali. Tafuta safu ya +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya picha zinakula hapo. Ukikuta 16A, zidisha: 12 mara 16 ni 192. Hiyo ni pawa saplai ya wati 192 iliyovaa shati la 500. Ya kweli ya 500 itakuwa na 38A au zaidi kwenye safu hiyo. Halafu ipime mkononi; nyepesi kama boksi la majani ya chai haina koili wala vichuja umeme vya kutosha. Ikiwa nyuma ina swichi nyekundu ya 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Swichi ikiwa 115, umeme wetu wa volti 230 unaipasua kwa kishindo, na fundi hana la kufanya. Kwa 5600G bila kadi, ya kweli ya wati 400 yenye alama ya 80 Plus (cheti cha ufanisi) inatosha na kubaki. Taa za kumeta zinaweza kusubiri, kompyuta si ukumbi wa harusi.

Mashine zilizotoka Ulaya huja na waya wenye plagi ya pini mbili za duara. Watu hubana pini hizo kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kutumia kijiti, au kwa kigeuzi cha bei ndogo kisicho na ethi. Mashine inawaka, lakini ukigusa kasha kwa mguu mtupu unahisi linachachatika. Hilo si jini. Kichuja umeme kilicho ndani ya pawa saplai kinapeleka mkondo mdogo sana kwenye chuma cha kasha, ukitegemea ethi iubebe, na ethi haipo. Mkondo huo hauui, ila huweza kuharibu tundu la USB au la HDMI unapochomeka kifaa kingine kilicho kwenye umeme. Nunua waya mpya wenye plagi ya pini tatu bapa na fyuzi ndani, halafu mwite fundi umeme apime kama ethi ya nyumba inafanya kazi kweli, kwa sababu kuna nyumba zenye soketi za pini tatu ambazo waya wa ethi umeishia ukutani.

UPS ya 650VA kwa kawaida ina betri moja ya volti 12 na Ah 7, yaani saa-wati 84 kwenye karatasi. Kwa mashine ya ofisi na monita unapata robo saa au zaidi kidogo, muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Chagua yenye AVR, inayonyanyua na kushusha volti bila kugusa betri, maana umeme unaopanda na kushuka unaua vifaa kuliko unaokatika moja kwa moja. Kilinda friji si mbadala, chenyewe kinakata tu na kuchelewesha kurudi, na kompyuta inazimika vilevile. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS kabisa. Betri huchoka kwa miaka miwili mitatu, kwa hiyo UPS ya mtumba ihesabu kama boksi tupu unalolitafutia betri.

Kuhusu LUKU, OptiPlex ya i5-8500 pamoja na monita ya inchi 22 hukaa karibu na wati 70 kwenye kazi za kawaida. Saa nane kila siku kwa siku 30 ni uniti 17 hivi. Linganisha na zile seti za Kichina za mazabodi ya X99 na Xeon E5-2680 v4 ya kori 14, zinazovutia sana kwa bei. Prosesa peke yake ni ya wati 120, haina picha ndani, na ukiiongezea kadi ya RX 580 unacheza mchezo kwa wati 300 na ushee. Saa nne kwa siku ni uniti 36 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75, hiyo ni karibu nusu ya mgao kabla hujawasha friji, na uniti zinazovuka hapo zinalipiwa bei ya juu zaidi.

Kadi za picha za mtumba zina ugonjwa wake. Kadi ya zamani kama GTS 450 huandikwa BIOS ya uongo ikajiita GTX 1050 Ti. Alama ya haraka ni tundu la VGA. Kizazi cha GTX 10 hakitoi tena mawimbi ya VGA, kwa hiyo ukiona tundu la buluu la pini 15 mgongoni, shuku. Endesha GPU-Z, programu ya kutambua kadi ya picha; matoleo yake tangu 2018 huandika neno la kuonya kwamba kadi ni feki. Ya kweli ina viini 768 na GB 4 za GDDR5.

Na vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi, upepo wa Dodoma unapuliza vumbi jekundu laini linalopita hata kwenye dirisha lililofungwa, na kwa walio Nkuhungu, Iyumbu na mitaa mingine yenye barabara za udongo ni zaidi. Kompyuta isikae sakafuni. Inyanyue mezani, mgongo mbali na dirisha. Kwenye tundu la mbele tandika kipande cha stokingi ya nailoni, ukifue kila wiki mbili. Kila miezi mitatu ipeleke nje, chomoa umeme, zuia feni kwa kidole ndipo upulize kwa blowa. Feni inayozungushwa kwa upepo inazalisha umeme na kuchakaza beringi zake. Hewa ya hapa wakati wa kiangazi ni kavu, cheche za mwilini ni nyingi. Gusa chuma cha kasha kwanza kabla ya kushika RAM.

Vipande vingi vya kuunganisha bado huagizwa Kariakoo. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma 2024, mtu anaweza kwenda asubuhi, akajaribu kila kitu kaunta mwenyewe, akarudi jioni. Ni salama kuliko kutumiwa mzigo kwa basi kisha kubishana kwa simu. Dai risiti ya EFD, na namba ya utambulisho ya kila kipande iandikwe kwenye karatasi ya waranti, si "kompyuta moja". Kama umenunua SSD ya M.2 (ile bapa inayochomekwa kwenye mazabodi) kwa ajili ya mtumba, kabla hujatoka dukani omba na skrubu yake. Ni ndogo kama punje ya mchele, kwenye mashine nyingi ilishapotea, na bila hiyo SSD inanyanyuka upande mmoja kama mkia wa mjusi.